Deni kwa Waliokufa

Mtu akiiacha imani ya wazee wake na kushika nyingine, je, deni alilokuwa nalo kwao limefutika? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mzee aliye hai aweza kujibu akisingiziwa. Aweza kugombana na mwanawe, kumwonya, kumlaani au kumbariki. Mfu hana kinywa. Aliyoyasema, aliyoyaimba na aliyoyaamua yamebaki mikononi mwa walio hai, nao waweza kuyatunza, kuyageuza au kuyatupa, wala hapana atakayewashtaki. Kwa sababu hiyo, namna tunavyowatendea waliokufa ni kipimo kikali cha uaminifu wetu, maana ni uaminifu usio na msimamizi.

Nimesikia wanafunzi wakilijadili jambo hili mara nyingi, na mara nyingi mjadala huishia katika hasira, kwa kuwa kila mmoja ana babu yake moyoni. Napenda basi tulitazame mbali na nyumbani, mahali ambapo hatuna ndugu wala mgomvi. Twende kisiwani Ayalandi, pembeni mwa Ulaya upande wa magharibi, katika miaka ile Ukristo ulipoingia, na katika karne zilizofuata. Watu wa huko walikutana na swali hili hili, wakaishi nalo kwa miaka mia saba, na majibu yao yamebaki katika maandishi.

Majeshi ya Rumi, yaliyotawala sehemu kubwa ya Uingereza kwa miaka zaidi ya mia tatu, hayakupata kuitawala Ayalandi. Kwa hiyo wenyeji hawakuwa na barabara za mawe, wala miji, wala sarafu zao wenyewe. Mali waliihesabu kwa ng'ombe. Nchi ilikuwa imegawanyika katika falme ndogo ndogo zaidi ya mia moja, na kila moja ilikuwa na mfalme wake.

Elimu yao ilikaa vifuani. Walikuwako washairi walioitwa filidi, ambao walijifunza kwa miaka mingi nasaba za wafalme, habari za vita na asili ya majina ya mahali. Walikuwako waamuzi waliohifadhi sheria kwa ghibu. Walikuwako pia makuhani wa dini ya kale, walioitwa druidi. Maandishi hayakukosekana kabisa: walikuwa na alama ziitwazo ogamu, mistari iliyochongwa ukingoni mwa jiwe, na mawe ya namna hiyo yapatayo 400 yangalipo hata leo katika Ayalandi na Uingereza. Lakini mengi yao yana jina la mtu na la baba yake au ukoo wake, basi. Mtu angetaka kuandika hadithi ndefu kwa alama zile angemaliza majabali ya nchi nzima. Elimu ya vifuani ina nguvu zake, wala haiunguzwi na moto. Walakini huuawa na kizazi kimoja tu kisichotaka kusikiliza.

Mwaka 431 Papa Celestine alimtuma mtu mmoja, Palladius, awe askofu wa Waayalandi waliokwisha kumwamini Kristo. Kwa hiyo waamini walikuwako hata kabla ya mtu yule ambaye jina lake limewafunika wengine wote, yaani Patrick. Miaka ya Patrick haijulikani sawasawa, ijapokuwa waandishi wa tarehe wa zamani walitaja mwaka 432 kuwa ndio wa kufika kwake. Lakini sauti yake tunayo, katika maandiko mawili aliyoyaandika mwenyewe kwa Kilatini: Ungamo lake, na barua kwa askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus.

Patrick alikuwa kijana wa Uingereza, mwana wa shemasi Calpornius. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16 alitekwa na wavamizi pamoja na watu wengi, akapelekwa Ayalandi, akawa mtumwa wa kuchunga mifugo kwa miaka 6. Akatoroka, akapata chombo, akarudi kwao. Baadaye, katika ndoto, alisikia sauti za watu wa nchi ile ya utumwa wake wakimsihi arudi atembee tena kati yao; naye akarudi. Kwa hesabu ya kibinadamu Waayalandi ndio waliokuwa na deni kwake: walimnyima ujana wake, wakamnyima masomo, jambo alilolionea haya mpaka uzeeni. Walakini katika Ungamo lake asema kwamba yeye ndiye mdeni, mdeni wa Mungu, na kwamba deni hilo atalilipa kwa watu wale wale waliomtumikisha.

(Hadithi ya kwamba Patrick aliwafukuza nyoka wote wa Ayalandi ilizuka muda mrefu baada ya kufa kwake. Wataalamu wa viumbe wasema kisiwa kile hakikuwa na nyoka tangu zama za barafu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa nyepesi.)

Sasa tumtazame mtu aliyesimama upande wa pili. Askofu Tírechán, aliyeandika habari za Patrick mwishoni mwa karne ya 7, asimulia habari za Láegaire, mfalme wa Tara. Patrick alipomhubiria, mfalme alikataa. Hakusema kwamba maneno ya mgeni yalikuwa ya uongo. Alisema kwamba Niall, baba yake, hakumruhusu kuamini. Alikuwa amemwagiza azikwe katika maboma ya Tara, silaha zake zikiwa tayari, uso wake ukiwaelekea wana wa Dúnlang, mahasimu wao wa Leinster, kama mtu aliye vitani, mpaka siku ya mwisho. Mwandishi mwingine wa wakati ule ule, Muirchú, asema mfalme aliamini hatimaye, ila aliamini kwa hofu.

Wasomaji wengi humcheka Láegaire. Mimi sioni la kucheka. Huyu ni mtu aliyeulizwa akubali jambo jipya, akajibu kwamba amekwisha kutoa ahadi kwa mtu asiyeweza tena kumfungua kutoka katika ahadi hiyo. Mwana akivunja ahadi aliyompa baba aliye hai, baba aweza kumsamehe. Akivunja ile aliyompa baba aliyekufa, nani atamsamehe? Kuna uaminifu katika jibu lile, tena uaminifu wa gharama.

Lakini tuitazame ahadi yenyewe. Niall hakumwachia mwanawe hekima alipokuwa akimwagiza hivyo, wala wimbo, wala njia ya kuwatendea haki raia. Alimwachia ugomvi. Alitaka mwanawe aendelee kuwakodolea macho wana wa Dúnlang hata ndani ya kaburi. Nasi twaweza kukubali kwamba mwana ana deni kubwa kwa baba, na bado tukauliza kama chuki ya baba ni sehemu ya deni hilo. Nionavyo mimi, si sehemu yake. Wazee wetu waliopenda walitupa mapenzi yao, na waliochukia walituachia chuki zao. Lakini ya kwanza ni zawadi, na ya pili ni mzigo waliokufa nao bila kuutua. Láegaire angeweza kuutua mzigo ule kwa niaba ya baba yake, na hilo lisingekuwa kumsaliti. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba ni rahisi kwetu kusema hivyo, kwa kuwa wana wa Dúnlang hawakutuibia ng'ombe wetu.

Baada ya miaka mia mbili hivi karibu watu wote wa Ayalandi walikuwa Wakristo. Nyumba za watawa zilienea kila mahali, Armagh, Kildare, Clonmacnoise, Bangor, na kule Iona, kisiwa kidogo karibu na Uskoti, ambako Colum Cille alihamia mwaka 563. Watawa wakajifunza Kilatini kwa bidii kubwa, wakanakili Zaburi na Injili kwenye ngozi za ndama. Kisha wakafanya jambo ambalo mataifa mengi yaliyopokea Ukristo hayakulifanya, au hayakulifanya kwa wingi namna hii: wakaanza kuyaandika maneno ya wazee wao wasiokuwa Wakristo, tena kwa lugha ya nyumbani, Kiayalandi.

Jambo hili liliwaletea taabu ya moyo. Mashujaa wa hadithi zile walikuwa wazee wao. Je, wako wapi sasa? Mtawa aliyefundishwa kwamba asiyebatizwa hana wokovu, akaketi kuandika sifa za babu asiyebatizwa, alikuwa akiandika sifa za mtu ambaye, kwa kadiri ya mafundisho yake, alikuwa motoni. Baadhi yao walitafuta njia ya kuwaokoa wazee kwa kalamu. Wakasimulia kwamba Conchobor, mfalme wa kale wa Ulster, alipopata habari ya kusulubiwa kwa Kristo alishikwa na ghadhabu kwa dhuluma ile hata jeraha la kichwani mwake likapasuka, akafa. Kwa hiyo akahesabiwa kuwa mmoja wa waliomwamini Kristo kabla ya imani kufika. Wakasimulia pia kwamba Láegaire yule yule alimwambia Patrick hataamini mpaka amwone Cú Chulainn, shujaa aliyekufa zamani, amefufuliwa. Cú Chulainn akaja juu ya gari lake la vita, kama kivuli, akaeleza ushujaa wake na mateso ya kuzimu, akamsihi mfalme aamini, kisha yeye mwenyewe akapewa mbingu kwa maombi ya Patrick.

Angalia lililotokea, msomaji. Katika masimulizi ya Tírechán mfu anakataza. Katika hadithi hii mfu anaruhusu, tena anasihi. Aliyebadilika si mfu. Waliobadilika ni walio hai, waliotamani ruhusa ya wazee wao, na kwa kuwa wazee hawakuweza kuitoa, wakaiandika wenyewe na kuitia katika vinywa vyao. Siwalaumu sana, walifanya hivyo kwa upendo, kama mtu amwaziaye ndugu yake wa mbali nguo nzuri ili aweze kuingia karamuni. Lakini ndugu aliyeingia karamuni kwa nguo ya kuazima hakukaribishwa yeye, imekaribishwa nguo.

Hadithi nyingine ya namna hii inanigusa zaidi. Ilitungwa karibu na mwaka 1200, na yaitwa Mazungumzo ya Wazee. Humo Caílte, askari mkongwe wa kundi la Fionn, ameishi kupita wenzake wote hata akakutana na Patrick. Mtakatifu anampenda mzee huyu, anamwuliza habari za kila kilima na kila kijito, naye mzee anasimulia. Kisha Patrick anaingiwa na shaka: je, raha hii ya kusikiliza hainipotezei sala zangu? Malaika wawili wanamjia, wanamwambia asiogope, bali ayaandike yote anayoambiwa, kwa kuwa yatawafurahisha watu wa nyakati zijazo. Bila shaka Patrick huyu ni wa kubuniwa. Patrick wa Ungamo hasemi lolote juu ya Fionn wala Caílte. Mwenye shaka halisi ni mwandishi wa mwaka 1200, aliyejikuta akizipenda hadithi alizodhani hapaswi kuzipenda, akahitaji malaika wawili kumtuliza.

Na sasa nifike kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, alijibu swali letu vizuri kuliko wote. Jina lake silitaji kwa sababu hakuliweka hapo. Alikuwa mmoja wa walionakili Kitabu cha Leinster, kitabu kikubwa kilichoandikwa katika karne ya 12, na ambacho kimehifadhiwa Dublin katika Chuo cha Trinity. Ndani yake mna hadithi ndefu kupita zote za Ulster, ile ya kuswagwa kwa ng'ombe wa Cooley. Malkia Medb wa Connacht na mumewe Ailill wanashindana nani mwenye mali zaidi. Wanalingana kwa kila kitu, ila mume ana fahali mmoja mweupe asiye na kifani. Malkia hawezi kuvumilia. Anaandaa jeshi kwenda kumchukua fahali wa kahawia wa Cooley, katika nchi ya Ulster. Wapiganaji wa Ulster wamepatwa na ugonjwa wa laana, hawawezi kuinuka, na kijana Cú Chulainn anailinda mipaka peke yake, akipigana na mtu mmoja mmoja kwenye vivuko vya mito. Mwisho analetewa Ferdiad, ndugu yake wa malezi, aliyejifunza naye vita kwa mwalimu mmoja. Wanapigana siku kadha wa kadha. Usiku wa kwanza wanatumiana dawa na chakula. Baadaye hawatumiani kitu. Ferdiad anauawa, na Cú Chulainn anambeba na kumlilia. Na yote haya, ndugu zangu, ni kwa ajili ya fahali, ambao mwishowe wanapigana wao kwa wao na kufa wote wawili.

Mwandishi wetu aliinakili hadithi hiyo yote. Humo mna miungu, mna uchawi, mna mungu wa kike wa vita ajigeuzaye mkunga wa majini na mbwa-mwitu, mna malkia asiyeona haya kwa jambo lolote. Alipofika mwisho aliandika kwa Kiayalandi neno la baraka kwa kila mtu atakayeihifadhi hadithi kwa uaminifu kama ilivyo pale, bila kuibadilisha sura. Kisha, chini yake, akaandika neno la pili, kwa Kilatini. Akasema kwamba yeye aliyeiandika habari hii haisadiki. Kwamba mengine humo ni udanganyifu wa mashetani, mengine ubunifu wa washairi, mengine yafanana na kweli na mengine hayafanani, na mengine yamewekwa kuwafurahisha wapumbavu.

Watu wengine huyaona maneno haya mawili kuwa unafiki: kwa lugha ya nyumbani abariki, kwa lugha ya kanisa alaani. Mimi nayasoma kinyume. Kama angekuwa mnafiki angeficha mojawapo. Huyu hakuificha imani yake ili awapendeze wapenzi wa hadithi, wala hakuikata hadithi ili iipendeze imani yake. Hakumbatiza Cú Chulainn kwa nguvu. Alimpa mfu neno lake lote, kamili, halafu akaweka neno lake mwenyewe pembeni, mahali ambapo kila msomaji aweza kuona kwamba hapa mzee amekwisha na hapa mwandishi ameanza. Kutunza si kusadiki. Mtu aweza kuubeba mzigo wa mwenziwe kutoka mji hata mji bila kuufungua, bila kuupenda, na bila kupunguza hata punje.

Tukitaka kuona ugumu wa kazi ile, tukumbuke kitabu kingine, kikongwe kuliko hicho, kilichoandikwa na Máel Muire na mwenziwe. Máel Muire mwenyewe aliuawa na wanyang'anyi ndani ya kanisa la mawe la Clonmacnoise mwaka 1106. Baadaye mkono mwingine ulizishika kurasa za kitabu kile, ukakwangua maandishi ya mwanzo mahali pengi na kuingiza mengine juu yake. Ngozi ya ndama yakwanguka vizuri kwa kisu. Hapakuwa na wa kumkataza mtu yule, na waliokwisha kuandika walikuwa wamekufa.

Lakini hadithi ni jambo moja. Kuishi ni jingine. Hadithi twaweza kuitunza bila kuisadiki kwa sababu haitulazimishi tendo. Sheria hatuwezi kuitunza hivyo, maana sheria ni tendo. Hapa Waayalandi walilazimika kuchagua, na uchaguzi wao haukuwa mzuri kila mara.

Mkusanyo mkubwa wa sheria zao, uitwao Senchas Már, uliandikwa karibu na mwaka 700, na utangulizi ulioongezwa baadaye wasema kwamba mshairi Dubthach alizisoma sheria zote za kale mbele ya Patrick, na zile zisizopingana na neno la Mungu wala dhamiri ya waamini zikaachwa zisimame. Sababu yatajwa humo humo, nayo ni sababu ya heshima: kwamba Roho Mtakatifu alikwisha kunena kwa vinywa vya watu wenye haki wa Ayalandi hata kabla ya imani kufika. Mkutano ule yamkini haukutokea kamwe. Ila wazo ni kubwa. Lasema kwamba baba zetu hawakuwa gizani tupu, na kwamba haki waliyoitenda ilikuwa haki ya kweli.

Katika zilizosimama mna moja nzuri ajabu. Mtu mdogo akimdai mtu mkubwa, hakuweza kwenda tu kumkamatia ng'ombe wake. Alikwenda kwanza kukaa kwenye mlango wa mkubwa yule, akafunga kula. Mkubwa aliyekula chakula chake huku mdai amefunga mlangoni, bila kutoa rehani ya kulipa, deni lake liliongezeka mara mbili; na aliyepuuza kabisa alipoteza haki yake mwenyewe ya kulipwa na mtu yeyote. Wao walisema heshima ya mtu ni uso wake, na faini ya kumvunjia mtu heshima waliiita bei ya uso. Mfungaji alikuwa ameuweka uso wa mkubwa hatarini kwa njaa yake mwenyewe. Desturi hii haikuwa na asili katika Injili, lakini kanisa halikuona sababu ya kuiondoa. Hata walimsimulia Patrick mwenyewe kuwa alifunga siku 40 juu ya mlima na kukataa kushuka mpaka Mungu ampe aliyoyaomba, kama mdai mlangoni pa mkubwa.

Kwa habari ya wake wengi walibishana. Wakuu wa nchi walikuwa na mke zaidi ya mmoja, kanisa likataka mmoja tu. Kitabu kimoja cha sheria chakiri wazi kwamba ubishi uko, kisha chaongeza kwamba wateule wa Mungu wa Agano la Kale nao walikuwa na wake wengi, kwa hiyo si rahisi zaidi kulilaumu jambo hili kuliko kulisifu. Mwanasheria aliyeandika vile alikuwa ameisoma Biblia vizuri sana, pengine kuliko walivyopenda maaskofu.

Na mna neno moja katika sheria zile ambalo kila nikilifikia huniharibia furaha ya kusoma. Neno hilo ni kumali. Maana yake ni kijakazi, mtumwa wa kike. Na ndilo lililokuwa jina la kipimo cha thamani. Shamba lilikuwa na thamani ya kumali kadha. Faini ilikuwa kumali kadha. Kumali moja kwa kawaida ilikuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Malipo yenyewe aghalabu yalitolewa kwa ng'ombe au fedha, lakini kuhesabu kulihesabiwa kwa wanawake.

Nani alikuwa mtume wao? Mtumwa aliyetoroka. Katika Ungamo lake Patrick asema kwamba katika waongofu wake wanaoteseka kupita wote ni wanawake walio utumwani. Askari wa Coroticus walipowavamia waamini wapya, bado wamevaa nguo nyeupe za ubatizo na mafuta yangali juu ya paji la uso, wakawaua wengine na kuwauza wengine kwa Wapikti, aliandika barua yenye moto, akawatenga na ushirika wa Wakristo wote mpaka watubu na kuwaachilia mateka. Alichokikataa kimeandikwa kwa mkono wake. Hata hivyo, katika mambo yote ya kale ambayo wanafunzi wake wangeweza kuyapima kwa neno la Mungu na dhamiri, hili walilipitisha bila neno. Walibishana juu ya wake, wakabishana juu ya namna ya watawa kunyoa nywele na juu ya tarehe ya Pasaka, wakapelekeana barua kwa miaka mingi. Juu ya kumali hawakubishana.

Hapo ndipo naona deni kwa waliokufa linapokuwa gumu kweli. Hadithi ya fahali, ambayo haikumdhuru mtu, iliwasumbua watawa hata wakahitaji malaika wa kuwaruhusu. Kipimo cha kumali, kilichowadhuru walio hai kila siku, hakikuwasumbua, kwa sababu hakikuwa na sura ya dini ya kale. Hakikuwa na mungu wala uchawi ndani yake. Kilikuwa hesabu tu, na mtu hana mazoea ya kuichunguza hesabu aliyoikuta nyumbani kwao.

Mwaka 697 Adomnán, mkuu wa watawa wa Iona, aliita mkutano mkubwa mjini Birr, katikati ya Ayalandi. Alitaka iwekwe sheria ya kuwalinda vitani wale wasiopigana: wanawake, watoto na watu wa kanisa. Ilikuwa sheria ya rehema ambayo mfano wake ulikuwa nadra katika Ulaya ya siku zile. Aliijenga kwa ufundi wa wazee, yaani kwa faini na kwa wadhamini. Majina 91 ya wafalme na wakuu wa kanisa yaliandikwa kuwa wadhamini wake, wa Ayalandi na wa ng'ambo. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu akimwua mwanamke atakatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha atauawa, na pamoja na hayo ukoo wake utalipa kumali saba kamili.